Majina Yaliyokuwa Kwenye Simu ya Fundi

Kwa miaka ishirini na sita fundi alishona nguo za mtaa mzima bila kumtaja mtu maungo yake. Mama mkwe wake, aliyemwachia cherehani na chumba cha mbele, alimwachia na sharti: kilichoonwa na tepu hakitoki nje ya pazia. Lakini kichwa kilipoanza kusahau, fundi aliwahifadhi wateja kwenye simu kwa alama za kumkumbusha: Kiuno Hakuna, Harusi Tatu, Bega Moja Chini.

Ukaja mtandao mpya. Binti yake, anayeishi mbali, akamwambia picha za mjukuu sasa ziko huko. Fundi akaingia. Simu ikauliza kama iwaalike watu wake. Akabonyeza ndiyo, kama mtu anayeitikia salamu.

Asubuhi, kabla hajatia uzi sindanoni, fundi viatu wa jirani alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mama. Eti mimi ndiye Tumbo Linakuja?"

Akamwonyesha simu. Wateja wote walikuwa wamepangwa humo kwa majina yale yale, kila aliyeingia akiyaona, na chini ya kila jina: Jiunge ubadilishe jina lako.

"Nimejiunga nijifute," alisema. "Shemeji yangu Harusi Tatu naye kaingia tangu alfajiri. Keshajifuta, sasa anawacheka wenzake."

"Nisamehe, baba."

"Nikusamehe nini? Si linakuja kweli?"

Kufikia adhuhuri walikuwa wamejiunga arobaini na mmoja. Hakuna aliyeutamani mtandao huo. Wote walikimbilia kufuta. Likabaki jina moja, Bega Moja Chini. Mwenyewe ni mwalimu mkuu, mwenye simu ya vitufe, asiyeweza kujiunga hata angetaka. Miaka yote fundi alimtilia pamba mabegani, la kushoto akilizidishia, wala hawakuwahi kulizungumza.

Fundi alimpigia binti yake.

"Nikitoka mimi, na majina niliyotia yanatoka?"

"Yanatoka, mama. Ila picha hutaziona tena."

"Utazisafisha uniletee za karatasi."

Akajitoa. Kisha akafunga chumba, akaenda shuleni kwa miguu, aseme mwenyewe kabla hajatanguliwa na mdomo wa mtu. Mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kalamu nyekundu mkononi.

"Wameona wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Kumbe ulikuwa unajua."

"Tangu gauni la kwanza."

"Na mimi miaka yote najikaza ukinipima, nikidhani nakuficha." Akafunika kalamu. "Jumamosi nakuja na kitambaa cha kijivu. Pamba punguza, dada. Huwa inaniwasha."

Jumamosi alikuja kweli. Wale arobaini na mmoja wamo kwenye mtandao ule hadi leo, na sasa wanaalikana wenyewe. Fundi naye alama zake anaziandika kwenye daftari. Analiweka ndani ya mtoto wa meza, na ufunguo anatembea nao.