Nguo Nzima ya Kumzikia Bi Mwanawema

Zamani hapa Msuka aliyechanikiwa na nguo alishonewa kabla hajafika kwao. Siku hizi mtu ananunua iliyokwisha chanwa, na wenye sindano tumeshawazika.

Bi Mwanawema alikuwa jirani yangu tangu nikiwa kijana. Baba yake alikuja kutoka bara kufanya kibarua cha kulima, akafa mapema, akamwacha mtoto hana shangazi wala mjomba kisiwani. Aliniambia kwamba utotoni alikuwa na gauni moja lililopasuka begani, na kila alipopita kisimani wanawake walisema, "Huyu hana mtu." Hawakusema maskini, kwa sababu maskini walikuwa wote. Walisema hana mtu, maana mwenye mama, dada au hata jirani mwema hapiti njiani watu wakaliona bega lake.

Akajifunza kushona. Msimu wa karafuu alifuatana na wachumaji makambini, upande wa Konde, akapika na kuchambua karafuu kama wanawake wengine. Lakini jioni, waliposhuka mitini suruali zimeraruliwa na vijiti, walikwenda kwake. Sindano aliichoma kwenye kipande cha sabuni ili iteleze. Kiraka chake ungekipapasa kwa kidole usijue kinapoanzia. Wala hakungoja aombwe. Akikuona umechanika alikuita mbele za watu: "Njoo hapa wewe, nani kakutupa?"

Nikiwasimulia vijana haya wanacheka. Kwao kiraka ndiyo aibu, tundu ndiyo fahari.

Mumewe alikufa, kisha binti yake akafa kwa uzazi, akabaki na mjukuu, Hafidh, akamlea kwa sindano ile ile. Alikuwa pia na mtoto wa kiume, Seif, mwenye duka Tumbe, hodari wa kuhukumu watu. Hafidh alipokuwa mkubwa akaenda Unguja kufanya kazi katika hoteli ya watalii.

Sikukuu moja akarudi. Nilikuwa nimekaa barazani kwa Bi Mwanawema, ambaye macho yake yalishaanza kuingia ukungu. Kijana akapiga goti kumbusu mkono, na mkono wa bibi ukateremka ukakuta goti tupu. Ukapanda juu, ukakuta paja.

"Hafidh! Umeanguka?"

"Sijaanguka, Bibi."

"Umepigwa?"

Suhaila, binti wa Seif, alikuwa akimenya mihogo pembeni. Akaangua kicheko. "Bibi, hizo ni jinzi. Zinauzwa hivyo hivyo. Zinachanwa na mashine."

"Mashine ya kuchania!" akasema Bi Mwanawema. "Na ya kushonea wameitupa?"

Tulicheka sote. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshaanza kupapasa mkekani kuitafuta sabuni yenye sindano.

"Ivue nikuzibie."

"Ukiiziba umeniharibia, Bibi. Unguja nikivaa nzima wananiita mshamba."

"Na hapa ukivaa hiyo, mimi wataniitaje?"

Seif alitokeza mlangoni. "Hana haya huyo! Goti la mwanamume litembee nje? Suruali hiyo haisaliwi."

"Nikisali navaa kanzu, Mjomba."

"Kwa hiyo Mungu anakuona ukiwa msikitini tu?"

Bi Mwanawema akawanyamazisha wote wawili. Akamshika mjukuu wake kifundo cha mkono. "Vaa utakavyo, mwanangu. Lakini siku ya kunishusha kaburini, wewe ndiye utakayeingia kunipokea, na uje na nguo nzima. Nimeziba nguo za kisiwa kizima. Sitaki kupokewa na mtu wanayemsema hana mtu."

"Inshallah, Bibi. Nitakuja na suti."

"Suti ukaolee. Kanzu yatosha."

Alifariki alfajiri moja ya mwezi wa Rajabu. Hafidh alipigiwa simu akiwa anatoka zamu. Hakurudi chumbani kubadili nguo. Alikimbilia boti na alichokuwa nacho mwilini, akateremka Mkoani, akapanda gari hadi huku mwisho wa kisiwa. Alifika tumeshasali, jeneza liko ukingoni, na shuka limetandazwa juu ya kaburi kama inavyofanywa kwa maiti wa kike. Alipita katikati ya watu analia, magoti yote mawili nje.

Seif akamkinga kwa mkono. "Humu huingii."

"Mjomba, mwenyewe kasema niingie mimi."

"Kasema uje na nguo nzima. Hiyo nzima?"

"Nimetoka kazini, sikuwahi—"

"Ulikuwa na miaka ya kuwahi."

Hapo watu wakaanza. Mmoja akasema kijana amekuja uchi mbele ya maiti. Kijana mwenzake akajibu kwa nyuma kwamba Mungu haangalii suruali. Mwingine akasema Unguja imewamaliza watoto wetu. Kila mtu alikuwa na neno, na hapakuwa na aliyetoa nguo. Nimezika watu wengi katika makaburi yale. Zamani mtu angekuja hata amevaa gunia, angefungwa kikoi kabla hajaufikia ukingo, na maneno yangengoja matanga yaishe.

Aliyekumbuka ni Mzee Mmanga, mchumaji wa zamani. Aliingiza mikono chini ya kanzu yake, akafungua kikoi, akampa. Kilikuwa na kiraka cha Bi Mwanawema mwenyewe. Lakini fundo lilikuwa limekataa kufunguka upesi, na Hafidh alipokuwa anakikaza kikoi kiunoni, Seif na mwanawe Bakar walikuwa wameshashuka. Maiti ikapitishwa chini ya shuka. Kijana alifika ukingoni wakati mbao za kumfunikia zinapangwa. Alichopata ni kutupia udongo, kama wapita njia.

Siku ya tatu, baada ya kisomo cha khitma, nilimkuta barazani amejifunga kanga ya bibi yake, suruali iko mapajani, sindano mkononi. Anajichoma vidole. Suhaila amekaa karibu, naye hajui hata kutia uzi. Katika nyumba ile ya mshonaji hakubaki mtu wa kuziba tundu. Hafidh hakuniangalia. Aliendelea kuvuta uzi mweupe kwenye kitambaa cha buluu, mishono mikubwa kama ya kufungia gunia. Bi Mwanawema angeifumua yote akaanza upya.

Kesho yake niliiona suruali ile kwa mara ya mwisho. Hafidh alikuwa anapanda gari la kwenda Mkoani, magoti yamezibwa kwa uzi mweupe, na watu tumejaa njiani tunatazama. Alipokunja mguu kukanyaga juu, uzi ukakatika, goti likatoka. Hakuna aliyemwita, "Njoo hapa wewe."