Nilivyopanda ngazi na gunia kuzima taa ya buying centre

Wakuu, hamjambo humu ndani. Naweka hapa kisa changu jinsi kilivyotokea, na pale kinaponiaibisha sijapunguza kitu. Majirani zangu wako humu, nikidanganya watanianika.

Mimi ni chairman wa buying centre moja pande za Boito, pale wakulima tunapeleka majani chai yapimwe kabla ya lori la kiwanda kuja. Lori huchelewa. Giza likiingia, magunia yalikuwa yanatembea yenyewe. Niliahidi taa, nikachaguliwa.

Tukachanga, tukaleta taa ya mulika mwizi, ya solar. Kubwa! Inajiwasha jioni na kujizima asubuhi, haina switch. Nikaifunga mwenyewe ikiangalia juu kidogo, ndio hata watu wa Kimulot wajue Boito kuna kiongozi.

Madam Nyaboke, mwalimu aliyepanga nyumba ya jirani, akaja kulalamika mbele ya wakulima. Alizoea kuwaonyesha watoto nyota Ijumaa jioni, na sasa mbingu ilikuwa nyeupe, hakuna kitu. Akaniomba niinamishe taa, niiwekee kofia.

Nikamuuliza, "Madam, nyota zinalipa bonus ya chai?"

Watu wakacheka. Nilijisikia vizuri sana, siwezi kuwaficha.

Wiki hiyo hiyo ikanyesha mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Ilinyesha mchana, jioni mbingu ikawa safi. Wanaojua wameshaanza kutabasamu.

Kumbikumbi.

Zilitoka kila kichuguu cha location zikaja kwa taa yangu. Zikagonga, zikaanguka kwa majani ya watu, mabawa yakajaa kila gunia. Karani wa kupima akaokota moja, akaiangalia, akafunga mizani.

"Chairman, hii ni majani ama ni nyama? Kiwanda itarudisha lori yote. Mimi sipimi."

Hapo niliogopa kweli. Ilikuwa jasho la siku nzima la wakulima wote, na majani yakilala kwa gunia yanaharibika.

Wakati huo Mama Akinyi akatokea na karai. Huyu alikuja kutoka pande za ziwa kuchuma chai, akaishia kununua shamba hapa. Nyuma yake, familia yote na sufuria.

"Msizime! Chairman, Mungu akubariki, hii sasa ndio maendeleo!"

Wakulima wanataka giza, Mama Akinyi anataka mwanga, na mimi sina switch.

Nikapanda ngazi na gunia tupu. Kumbikumbi ziliingia masikioni, zikaingia kwa shati, na zingine siwezi kusema ziliingia wapi kwa sababu kuna watu wa kanisa humu. Nikaivalisha taa gunia, nikafunga na kamba ya ng'ombe.

Giza likarudi.

Nikainua macho. Wakuu, nyota! Zilijaa mpaka pale mashamba ya chai yanapoishia. Nimezaliwa hapa na nilikuwa nimezisahau. Nilifurahi mpaka nikasahau niko juu ya ngazi.

Chini, kila mtu alikuwa anaangalia juu, hata karani. Madam Nyaboke akatoka na watoto, akawaonyesha Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo.

Kumbikumbi zikatawanyika. Tukakung'uta majani kwa tochi za simu, tukapeta mabawa, karani akalegea akapima. Lori likabeba yote.

Siku hizi taa ina kofia ya bati na inaangalia mizani peke yake. Wizi hakuna, nyota zipo. Nilichojifunza ni kwamba mwizi wa majani hapiti mbinguni, kwa hivyo ule mwanga wa juu ulikuwa wa kumshika nani?

Shida iliyobaki ni Mama Akinyi. Anagombea kiti changu, na sera yake ni moja tu: kofia itolewe kila mvua ya kwanza. Ameshapitia boma zote na kumbikumbi za kukaanga.

Haya, nishaurini hapo chini. Nitampinga vipi, na sahani yake iko hapa kwangu, tupu?