Maji ya Kunde

Ilikuwa Jumamosi, saa nane na robo mchana, nilipochovya brashi. Kesho yake tulikuwa na ibada nyumbani, mwaka mmoja tangu tumzike mama, na baba alitaka picha yake ya rangi iwekwe mezani. Kilichobaki ni kivuli tu cha kitambulisho chake, fotokopi nyeusi. Rangi ilibidi nizikumbuke mwenyewe.

Sikukumbuka. Naandika ukweli: nilikumbuka sauti ya ndala zake, ngozi yake sikuikumbuka. Nikikosea, kila mtu angejua nimemsahau.

Shangazi, dada yake baba, alichungulia tyubu nilizopewa na mwalimu wa sanaa.

"Rangi ya mafuta si ya kupaka milango hii?"

"Hii ni ya picha, shangazi."

"Haya. Ila usimkoleze, alikuwa mweupe."

"Mweupe wapi!" alidakia mama mdogo, aliyemfuata mama kuzaliwa, huku akichambua mchele. "Dada alikuwa maji ya kunde."

Nyumbani tunasema Kisukuma; Kiswahili chetu kingi ni cha darasani. Maji ya kunde nilikuwa nimeyasikia miaka yote na sikuwahi kuyatazama. Nikaenda jikoni, nikabandika kunde. Zilipochemka nikamimina maji kwenye kikombe cheupe, nikakiweka dirishani, nikachanganya nyekundu, njano na bluu kidogo mpaka rangi ikafanana kabisa na ya kikombe. Nikampaka mama uso mzima. Akatoka kama ukuta wa udongo ulionyeshewa.

Mama mdogo aliangalia picha, akaangalia kikombe. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mayu, mama wee, nani alikwambia upike? Ni maneno tu hayo!"

"Msiyamwage," alisema shangazi, "tutaungia mboga."

Nilitabasamu kwa sababu wao walikuwa wanacheka.

Kisha mama mdogo akapandisha mkono wa gauni hadi begani, mahali ambapo jua la shamba la pamba halifiki. "Angalia hapa. Hapa tulifanana."

Nikakwangua uso wote kwa kisu, nikaanza upya. Begani kwake kulikuwa na njano ambayo sikuitegemea, na karibu na kwapa ngozi ilielekea ukijani kidogo. Nilifuata kila kitu. Jua lilipokaribia kuzama alisimama mbele ya picha, safari hii hakucheka.

"Ndiye," alisema, akatoka nje.

Mimi nikabaki natazama. Nilisubiri kitu kije, hakikuja. Niliona bega la mama mdogo lililowekewa macho.

Asubuhi rangi ilikuwa bado mbichi. Ya mafuta hukauka kwa siku nyingi, na nilisahau kuwaambia. Niliibeba mwenyewe hadi mezani, nikaketi kando yake. Wageni walipoinama wamguse shavu, niliwaambia mmoja mmoja, "Shikamoo. Usiguse, bado mbichi." Nilifanya hivyo mpaka ibada ikaanza.