Kifaransa cha Baba

Maabara moja ya Ufaransa iliponiandikia kwamba itanihoji kwa kazi ya utafiti ya miaka miwili, baba yangu alifurahi kuliko mimi. Nilikuwa nimemaliza uzamivu hapa Stockholm, nikichunguza matope ya chini ya maziwa, na wenzangu wote waliomaliza walikuwa wakisaka kazi za muda za namna hiyo huku na huko. Mimi niliona mkataba. Baba aliona nchi ambako angeweza kuongea.

Kule Bukavu, Kongo, alikuwa mwalimu wa kemia, akifundisha kwa Kifaransa. Hapa Husby, mtaa wetu wa Stockholm, anawahudumia wazee kwenye makao yao, na wenzake kazini humsifu kuwa ni mtu mpole, hana maneno. Nyumbani hunisemesha Kiswahili, nami tangu utotoni humjibu Kiswidi, basi mazungumzo yetu yamekuwa ya chakula, funguo na treni. Hata mimi niliamini ni mpole.

Jioni baada ya jioni alininoa. Kifaransa chake kilikuwa cha suti na tai: "Nina heshima kubwa kufika mbele yenu, waheshimiwa..." Nilimcheka hadi machozi. Siku ya mahojiano, niliyofanya nyumbani kwa kompyuta, alivaa kweli suti yake ya kanisani, akakaa jikoni, mlango wazi. Lo! Mkuu wa maabara, mama mmoja mchangamfu, akanihoji kwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Nikamhurumia baba. Nilipoulizwa kama Kifaransa nakijua, nikaitoa ile sentensi yake. Yule mama akaangua kicheko, akataka kujua nani kanifundisha.

Baba akaitwa. Akasogea mbele ya kompyuta, akakohoa, akaanza. Alisimulia alivyofundisha kemia kwa ndimu na majivu, na wanafunzi walivyozila ndimu kabla ya somo. Alitania, alibisha, alimkatiza yule mama na kukatizwa. Nilikuwa mtu mzima, na ndiyo kwanza nakutana na baba yangu.

Kazi nikapewa. Baba akaanza kupanga likizo zake. "Mkate nitaenda kununua mwenyewe," alisema, "na nitagombana na muuzaji!"

Hapo nikaharibu. Chuoni hapa nilikuwa nimeahidiwa, kwa mdomo tu, kwamba huenda ikapatikana nafasi ya kudumu. Nikawaomba Wafaransa waningoje hadi baridi iishe. Wakanijibu kwa adabu kwamba fedha za mradi haziwezi kungoja, wakamchukua mwingine. Ya hapa nayo haikutokea. Mshika mbili moja humponyoka. Mimi zikaniponyoka zote. Ninajuta, na majuto yangu yana hasira ndani yake, kwa sababu hakuna aliyenisukuma.

"Si kitu," baba alisema nilipomweleza. Baada ya hapo hakunisemesha Kifaransa tena. Mimi ndiye niliyejaribu, mezani, kwa sentensi zangu za kuungaunga. Akanijibu kwa Kiswahili, akaniuliza kama nimeshiba.

Majuzi nimeona tangazo jingine, la maabara ya kusini mwa Ufaransa. Nikamwonyesha, nikitumaini sijui nini. Akavaa miwani, akalisoma lote polepole, akanirudishia simu.

"Enda tu, binti yangu," alisema. "Miye nilishazoea kunyamaza."