Taa Nyekundu ya Jipu na Jina la Mzee Mokua

Aliyewajibika ni Bwana Ombasa, karani mkuu na msimamizi wa magari katika ofisi yetu ya mifugo mjini Kisii. Nimelitaja jina lake mwanzoni kabisa, mwanangu, usije ukafika katikati ya maelezo haya ukidhani ni kisa cha fundi mzembe, kama walivyodhani watu wa mji kwa miaka mingi. Fundi alikuwa Mzee Mokua. Dereva nilikuwa mimi. Baada ya kuliweka hilo sawa naweza kuirudia siku yenyewe, ingawa hata leo nikiikumbuka uso wangu hupata joto, na huwa natafuta mahali pa kuyaweka macho yangu.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vikuu, Mzungu akiwa bado ndiye mkubwa wa kila ofisi. Mimi nilikuwa kijana niliyetoka shuleni karibuni, nimeajiriwa kuandika habari za chanjo asubuhi na kuendesha gari mchana. Gari lenyewe lilikuwa jipu la jeshi, kuukuu, lililouzwa kwa ofisi yetu baada ya askari kurudi makwao. Lilipanda vilima vyetu vizuri kwa sababu lilikuwa na mkono wa pili wa gia, kando ya ule wa kawaida. Ukiusukuma mkono huo, magurudumu ya mbele nayo yalianza kuvuta, na taa ndogo nyekundu mbele ya dereva iliwaka kumjulisha kwamba sasa magurudumu yote manne yanafanya kazi. Taa ikiwa imezimika, yanavuta ya nyuma peke yake. Asiyejua barabara za Gusii wakati wa mvua hataelewa jinsi tulivyoitegemea taa ile. Udongo wetu mwekundu ukilowa, gari linalovuta kwa magurudumu mawili huwa kama mtu aliyevaa viatu vya sabuni.

Basi gia za jipu hilo zikafa. Vipuri havikuwapo mjini, hata katika duka la Bwana Premji aliyekuwa akiuza kila kitu kuanzia sindano hadi jembe la kukokotwa na ng'ombe. Mzee Mokua, aliyejifunza ufundi jeshini, akasikia kwamba upande wa Nyansiongo mlowezi mmoja ametelekeza gari la aina nyingine lililopinduka. Akaenda, akalifungua, akarudi na sanduku lote la gia pamoja na mikono yake, swichi zake na nyaya zake. Alilifunga sanduku hilo ndani ya jipu letu kwa kazi ya siku nyingi, na likakaa kana kwamba lilizaliwa humo.

Ila jambo moja. Swichi ya gari letu la zamani ilikuwa ya kuunganisha umeme inapobonyezwa. Ile ya gari la mlowezi ilikuwa ya kuukata. Kwa hiyo taa sasa ilisema kinyume. Ikiwaka, magurudumu ya mbele yamelala, ikizimika, yanavuta. Mzee Mokua aliliona jambo hilo siku ileile. Aliagiza swichi inayofaa kupitia kwa Bwana Premji, na hadi ifike, dereva alipaswa kuambiwa. Neno moja tu, mwanangu, la kumwambia dereva.

Sasa nikueleze kwa nini neno hilo halikunifikia.

Ofisi ilikuwa na kanuni nzuri, na sijapata kuona iliyo bora kuliko hiyo. Gari likibadilishwa kiungo chochote kikubwa, fundi na dereva huketi pamoja mbele, wakapanda kilima cha Nyanchwa na kushuka, fundi akimwonyesha dereva kwa mkono kila kilichobadilika. Lakini viti vya jipu ni vyembamba na mikono ya gia iko katikati, kwenye magoti. Na Mzee Mokua alikuwa mkwe wangu. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshafika bomani kwake, na binti yake Kemunto alikuwa amekwisha kuanza kuhesabiwa wa kwetu. Wewe uliyezaliwa mjini huenda hujafundishwa chinsoni, ile haya yetu Wagusii kati ya mzazi na mtoto, na zaidi kati ya mkwe na mkwe. Mtu na baba mkwe wake hawagusani mapaja. Hawashikani mikono kwenye chuma kimoja. Hawajibizani mbele ya watu. Nilipomwona Mzee Mokua amesimama kando ya jipu akiangalia matope ya viatu vyake, na yeye akaniona nimesimama upande wa pili nikiangalia mawingu, sote wawili tulijua kwamba safari ya Nyanchwa haitakuwapo.

Hilo halikuwa kosa. Kosa lilianza pale Mzee Mokua alipofanya lililo sawa. Alimfuata Bwana Ombasa barazani, mbali kidogo na mimi, wakazungumza. Kisha Bwana Ombasa akaja kwangu akicheka chinichini.

"Kijana, mkweo anakuonea haya kama bibi harusi," akasema. "Nenda zako. Gari ni lilelile. Mkono uleule, taa ileile."

Nikamwuliza kama fundi amesema jambo lolote.

"Amesema liko tayari. Au unataka nikuitie aje akukalie magotini?"

Wapakiaji walicheka. Nami nikacheka nao, maana kijana aliyetaniwa habari za mkwe wake hana njia nyingine, nikawasha mota. Nilikuwa nimepakia chupa za chanjo za kupelekwa mpakani mwa mashamba ya walowezi, huko Nyansiongo, ambako ng'ombe wa watu wetu walikuwa wamekusanywa wakitungoja.

Mvua ilinikuta njiani. Nilipofika kwenye mteremko mkali wenye mtaro mrefu upande wa kushoto, nikafanya kama nilivyozoea. Nikausukuma mkono wa pili. Taa, ambayo kumbe ilikuwa ikiwaka tangu mjini bila mimi kuiangalia, ikazimika. Nikadhani sijausukuma sawasawa, nikaurudisha. Taa ikawaka, nyekundu, ya kupendeza. Nikaiamini, nikateremka. Katikati ya mteremko gari likageuka ubavu kama ng'ombe aliyekataa kamba, likaniingiza mtaroni na kulala upande. Bega langu liliteguka. Chupa zote zilivunjika, na dawa ikatiririka pamoja na maji ya mvua. Mfugaji mmoja aliyesaidia kunitoa aliangalia dawa ile ikienda, akaniuliza kwa upole kama kuna nyingine.

Siku chache baadaye, jipu likiwa limevutwa mjini na taa yake kuonekana inasema kinyume, tuliitwa uani mwa ofisi, watumishi wote, mbele ya bwana mkubwa, daktari wa mifugo. Yeye aliuliza kwa Kiingereza na Bwana Ombasa akafasiri. Nisikilize vizuri hapa, mwanangu, kwa kuwa hapa ndipo ilipo aibu yote. Bwana Ombasa hakuniuliza nani aliyetakiwa kuniambia habari ya taa. Aliniuliza hivi:

"Je, fundi Mokua alikwambia kwamba taa inasema kinyume? Jibu ndiyo au siyo."

Nikasema siyo.

Lilikuwa jibu la kweli. Sikusema uongo hata kidogo, nawe ukitaka unaweza kuniapisha. Lakini nilipolitamka nilimwona Mzee Mokua akiinua kichwa, kisha akakiinamisha. Angejibu nini? Kujibu kungekuwa kubishana na mkwewe mbele ya wapakiaji na walinzi na wauza maziwa waliokuwa wamesimama uani. Bwana Ombasa alikuwa Mgusii kama sisi. Alijua vizuri kabisa kwamba mzee yule hatafungua kinywa. Aliichukua haya ya mtu mwema akajifunika nayo kama mwavuli, na mvua yote ikamnyeshea mwenziwe. Bwana mkubwa alingoja kidogo, akaona fundi hana la kusema, akatamka kwamba ni uzembe wa fundi na kwamba kazi yake imekwisha. Mzee Mokua alivua nguo yake ya kazi, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya boneti ya jipu, akaondoka. Hakuna aliyemsindikiza. Mimi nilikuwa nimesimama palepale na mkono wangu umefungwa shingoni.

Nilirudi nyumbani kwa babu yangu, baba yake baba. Kwetu mjukuu na babu hawana haya kati yao. Hutaniana hata kwa maneno ambayo baba yako akiyasikia atatoka nje. Alinipokea kwa utani.

"Karibu, dereva. Nasikia siku hizi gari unaliendesha kwa aibu. Petroli imepanda bei?"

Nikamweleza yote. Nilitaraji atanisifu kwa kuilinda heshima ya mkwe wangu. Alisafisha mrija wake wa pombe kwa kitambaa, na utani ukamtoka usoni.

"Hapo gereji mlikuwa watu wengi," akasema. "Hakukuwa na hata mmoja asiye mkwe wa mtu?"

Nikasema walikuwapo wapakiaji, na mlinzi, na hata mtumishi wa Bwana Premji.

"Basi yeyote kati yao angeketi kwenye kile kiti, akaonyeshwa na Mokua, kisha akakuonyesha wewe. Sisi wazee tuliiweka haya hii pamoja na mtu wa kati. Mahari yako ilipelekwa na nani? Ulikwenda mwenyewe kumhesabia Mokua ng'ombe? Mbona kwa ng'ombe ulimkumbuka mtu wa kati, na kwa gari linaloweza kukuua ukasahau?"

Nikajishughulisha na kitambaa kilichofunga mkono wangu.

"Na kule uani," akaendelea, "ulikatazwa kubishana na mkweo. Nani alikukataza kumtetea? Kumtetea mkwe si chinsoni, mjukuu wangu. Ulimwogopa karani, ukaiazima haya ya mkweo uifunikie woga wako. Tofauti yako na yule Ombasa ni ndogo kuliko unavyofikiri."

Maneno hayo yaliniingia kuliko maumivu ya bega. Kesho yake babu mwenyewe alikwenda kwa Mzee Mokua kama mtu wa kati, na kwa umri wake aliweza kumwuliza waziwazi. Akarudi na maneno kamili ambayo Mzee Mokua alimwambia Bwana Ombasa siku ile barazani: kwamba taa inasema kinyume, na kwamba dereva asiondoke kabla ya kuambiwa. Nikayachukua maneno hayo hadi kwa bwana mkubwa, nikayasema mbele ya Bwana Ombasa kwa Kiingereza changu cha shule, nisihitaji mfasiri. Bwana Ombasa alisema hakumbuki mazungumzo kama hayo. Bwana mkubwa alitutazama sote wawili, akasema fundi anaweza kurudi kazini, na kwamba mambo mengine yaishe.

Lakini Mzee Mokua hakurudi. Alituma neno kupitia kwa babu: ametukanwa uani mbele ya watu, na atarudi siku maneno yale yatakapoondolewa uani mbele ya watu walewale. Siku hiyo haikufika. Bwana Ombasa alipandishwa cheo, akastaafu kwa karamu, na nilikuwapo nikinywa chai yake. Mzee Mokua alifungua karakana ya mabati kwenye njia ya kwenda Itumbe, akawatengenezea watu mashine za kusaga na baiskeli hadi nguvu zilipomwishia. Watu walimpelekea kazi, ila mara nyingi nilisikia mteja akimwambia mwenzake, kwa mzaha, angalia taa zako kabla hujaondoka.

Swichi ambayo Mzee Mokua aliiagiza ilifika dukani kwa Bwana Premji wakati yeye hayupo tena kazini. Aliilipia mwenyewe. Nayo ikanifikia mkononi mwa Kemunto, siku alipokuja kwetu kabisa, imefungwa katika kitambaa safi. "Baba amesema hii ndiyo ya jipu lenu," aliniambia. Niliifunga ndani ya jipu kwa mikono yangu, nikapanda nayo Nyanchwa na kushuka. Taa ikaanza kusema kweli. Mimi na Mzee Mokua tuliishi wakwe wema hadi kifo chake, tukisalimiana kwa mbali kama inavyotakiwa, na hatukuzungumza neno hata moja juu ya siku ile. Sikuweza kumwomba radhi kwa mdomo wangu. Haya yetu haikuniruhusu, na safari hii ilikuwa haya ya kweli.

Nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Ukitia kiungo cha gari moja ndani ya gari jingine, usiamini kwamba mikono na taa zitasema lugha ile uliyoizoea. Mwulize aliyefunga, na kama kuna haya kati yenu, mtafute mtu wa kati kabla hujawasha mota. Ukiulizwa swali lililopindwa, jibu swali lililostahili kuulizwa. Na mtu asiyeweza kujitetea kwa sababu ya heshima anayokupa, yeye ndiye wa kwanza unayepaswa kumtetea. Mungu akujalie wakwe wema, akupe mkono mtulivu kwenye mteremko, na akuzidishie ujasiri ambao mimi niliupata nikiwa nimechelewa.

Yamebaki yaliyo ya kazi, nami nayasema kwa utaratibu wa kazi. Ofisi ile ingali ipo, imebadilisha jina na rangi ya milango tu. Mimi, niliyekuwa dereva wa jipu hilo na shahidi wa pekee aliyebaki, nawataka wanaoishika leo wawaite watumishi wao uani, mahali palepale, wakiwaalika watoto na wajukuu wa Mzee Mokua, na watamke kwa sauti kwamba fundi alitimiza wajibu wake, kwamba msimamizi wa magari alipewa neno akalizuia, na kwamba dereva alinyamaza. Jina langu lisiachwe. Nitahudhuria.