Lundo la Kidawa binti Shamte

Jamani, lundo lilikuwa lundo, tusidanganyane. Nguzo za mikoko zimelazwa juu ya magogo, fito mafungu kwa mafungu, matumbawe, kichuguu cha udongo mwekundu ulioletwa na tela la trekta kutoka Mitole, madirisha mawili yasiyofanana, na mabati kumi na mawili yaliyofunikwa makuti yasishike kutu. Vyote hivyo vilikaa nje, Kilwa Masoko, pembeni mwa nyumba ya Abdurahmani, miaka kumi na mmoja. Kuku walitaga humo. Mbuzi walipanda juu wakautazama mji. Mwenye vitu alikuwa dada yake Abdurahmani, Kidawa, mkaanga samaki wa sokoni, na ole wako uviite takataka mbele yake.

Kidawa aliolewa mara mbili, akaachika mara mbili, na mara zote mbili alitoka na sanduku lake la nguo, basi. Nyumba ni ya mume. Sasa alikuwa anaishi chumba cha uani kwa kaka yake, na wifi yake, ingawa hakuwa mtu mbaya, hakukosa kuuliza kila siku nani kaacha mlango wa uani wazi. Kiwanja Kidawa alikuwa nacho, kimepakana na cha kaka yake, na kibali cha kujenga alishapewa zamani. Alichokitaka hapa duniani kilikuwa kimoja tu, nyumba yake mwenyewe.

Sasa kwa nini hajengi? Kiburi, mwenzangu! Aliapa haanzi mpaka vitu vyote vitimie, maana amewaona wengi walioanza wakaishia kwenye nguzo, kunguru wakahamia. Na paa lazima liwe bati tupu. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mabati yalishaanza kujaa madukani, na kila samaki wakitoka vizuri yeye aliongeza bati moja. Yalitakiwa ishirini.

Ndipo Jumatatu moja akatokea bwana afya mpya, Klementi, kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye kola, na sheria ndogo ya usafi wa makazi kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Samaki bado, pitia adhuhuri."

"Sikufuata samaki, mama. Nimefuata hili lundo." Akafungua karatasi akamsomea kwamba vifaa vya ujenzi, vyombo vibovu na mali nyingine havitakaa nje ya nyumba ya kuishi zaidi ya siku saba, isipokuwa penye ujenzi unaoendelea. "Jumatatu ijayo gari linakuja kuzoa."

"Kuzoa? Kuzoa nini? Hiyo ni nyumba yangu hiyo!"

Klementi akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuona nyumba. Kwa adabu zote akaandika, akamkabidhi nakala, akaenda zake.

Kidawa aliketi juu ya nguzo zake. Miaka kumi na mmoja ya kunuka shombo na kuungua mafuta, leo ipakiwe kwenye lori kama maganda ya madafu! Alilia kidogo, akajifuta kwa upindo wa kanga. Kisha akafanya anachofanya kila mtu wa mtaa ule akifikwa na jambo, akaenda kwa majirani.

"Nihifadhieni kidogo tu, wenzangu, huyu kijana apite." Nani atamkatalia mtu anayemkopesha samaki kila siku? Fito zikaenda kwa Apolonia, muuza mitumba. Nguzo zikaenda kwa Kornelio, fundi seremala. Matumbawe kwa kinyozi, udongo ukagawanywa kwa madebe huku na huku, mabati yakaingia uvunguni mwa kitanda cha Abdurahmani. Jumatano jioni uwanja ulikuwa umefagiwa mweupe pe, na Kidawa anacheka peke yake.

Hakufikiri kwamba bwana afya ana macho. Alhamisi Klementi alizunguka mtaa mzima, na pale alipokuwa ameandika lundo moja sasa akakuta malundo saba. Naye kijana hakuchoka. Akaandika karatasi saba.

Lo! Jumamosi, chai haijashuka vizuri, watu hao wanakuja. Wamebeba vichwani, wamebeba mabegani, wanasukuma kwa mkokoteni, kila mmoja na kero yake. Apolonia ndiye aliyetangulia.

"Kidawa! Chukua fito zako! Mimi nilikuomba fito? Hebu sema, nilikuomba?"

"Nimekosa, jamani. Wallahi nimekosa."

Alikuwa anaona haya mpaka shingoni. Kornelio akaingia na nguzo begani, jasho linamtoka.

"Naweka wapi?"

"Popote, kaka yangu."

Kornelio hakuiweka. Akaitazama ile nguzo, akawatazama wale watu, wapata arobaini, wote wamebeba vifaa vya nyumba moja. "Popote siweki," akasema. "Nguzo inawekwa shimoni. Karatasi si inasema penye ujenzi unaoendelea hapaguswi? Nani ana jembe?"

Kijana mmoja akachomoka kulileta.

"Mabati hayajatimia!" Kidawa akaruka. "Yako kumi na mawili tu!"

"Mbele bati, nyuma makuti."

"Siezeki makuti mimi! Niliapa!"

"Basi ngoja Jumatatu wakuzolee," Apolonia akamwambia, tena bila huruma.

Kidawa akamtazama kaka yake, naye Abdurahmani akainua mabega. "Haya," Kidawa akasema mwishowe kwa sauti ndogo, kama anayemeza klorokwini. "Nyuma makuti."

Kazi ikaanza pale pale, kiwanjani kwa Kidawa. Waliokuja kugomba wakavua mashati. Samaki wa kuuza siku ile hawakufika sokoni, wote Kidawa aliwakaangia watu wake, na bado akakimbia kutafuta unga wa ugali. Mpaka jioni nguzo zilikuwa zimesimama na fito zimefungwa. Jumapili Kornelio na wenzake walienda misani kwanza, kisha wakaja kuezeka. Kukandika ndiko kulikokuwa na raha. Wanawake wanateka maji, vijana wanakanyaga udongo kwa miguu, nyimbo zinapokezana, na mpita njia akithubutu kusalimia tu bila kuingia kazini anatupiwa donge la udongo mgongoni. Hata imamu lilimpata, akacheka, akakunja kanzu. Madirisha moja lilikaa juu, moja chini, hakuna aliyejali.

Jumatatu gari likaja. Klementi akashuka, akasimama. Udongo bado unachuruzika maji, mlangoni kumetundikwa kanga, na nyumba ipo. Akaizunguka mara mbili, akagonga nguzo, akachungulia ndani. Akamwambia dereva azime gari.

"Kibali unacho, mama?"

"Ninacho."

Alikisoma, akakirudisha, akatoa fomu nyingine. "Kila nyumba lazima iandikishwe. Mwenye nyumba ni nani?"

Kwa mazoea Abdurahmani akafungua mdomo. Akaufunga. Watu wote wakamgeukia Kidawa, aliyekuwa na udongo mpaka kwenye viwiko.

"Mimi," akasema. "Kidawa binti Shamte."

"Jina la mume?"

"Umeuliza mwenye nyumba, mwanangu. Mume hukumuulizia."

Klementi akatabasamu, akaandika.

"Hebu soma ulichoandika."

"Mwenye nyumba, Kidawa binti Shamte."

Machozi yalikuwa yanamtoka naye anacheka, hayafuti, kwa kuwa mikono ilikuwa michafu.

"Soma tena, baba. Kwa sauti, wasikie."