Veneranda na Moshi wa Kiangazi

Kiangazi kikikolea, mtaa wa Katubuka, karibu na ziwa, hugeuka sufuria iliyofunikwa. Mchana hewa inapita, lakini jua likizama tu, moshi wa mashamba yanayochomwa vilimani unashuka bondeni, unakutana na moshi wa majiko, na yote inalala juu ya mabati mpaka asubuhi. Ziwa lenyewe halionekani hata ulitolee macho.

Katika moshi huo Veneranda naye alikuwa na mchango wake, tena si haba. Alikuwa mkamuzi wa mawese. Chikichi zilimfikia mchana kwa baiskeli kutoka Kidahwe, na jioni, jua likishapoa, alizitia kwenye pipa uani akazichemsha kwa makapi ya zile alizokamua jana. Makapi yanawaka vizuri, lakini moshi wake ni mweusi na mzito. Mama yake alichemsha jioni, bibi yake alichemsha jioni, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Nani ana wazimu wa kukaa motoni saa saba mchana?

Mumewe, Mzee Alphonce, mstaafu wa reli, alikuwa na kifua. Kila kiangazi alikohoa hadi akashika ukuta. Veneranda alishajua mchawi ni nani: upepo wa ziwa. Basi tangu mchana aliziba dirisha la chumba kwa kitenge, na jioni alimfungia mzee wa watu humo ndani, kisha akatoka kuwasha pipa lake, hatua chache tu kutoka dirisha hilohilo. Mapenzi yana mambo!

Mwaka jana, mwezi wa nane, mtoto wao Jeremia alipiga simu kutoka Kasulu.

"Mama, Jumapili nakuja kumchukua baba. Huku juu hewa ni nzuri. Akae huku moja kwa moja."

Maneno hayo yalimkata maini. Yeye asingeweza kumfuata. Pipa na wateja wake wote walikuwa Katubuka, na mawese ndiyo yaliyowalisha. Lakini angemzuiaje mtu asiende kupumua? Akajifanya mkali, akafua nguo za mumewe na kuzipanga, kisha akaenda kulia jikoni na kusingizia moshi.

Wiki hiyohiyo, baiskeli ya chikichi ikapata pancha njiani, ikafika giza limeshaingia. Ikabidi achemshe kesho yake mchana, huku akinung'unika na jasho likimtiririka. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kuvuma. Alipoinua kichwa kujifuta, akaona moshi wake umelala upande, unapita juu ya mapaa na kukimbilia vilimani. Uani haukubaki hata wa kumtoa mtu chozi. Jioni pipa lilikuwa limepoa, na Alphonce akakohoa kidogo tu, akapitiwa na usingizi.

Veneranda hakuamini. Siku iliyofuata akachemsha tena mchana, na safari hii akakitoa kile kitenge dirishani. Upepo aliopigana nao miaka yote ukaingia chumbani na kuiondoa harufu ya masizi. Alphonce akauliza kama kuna mgeni anakuja, maana nyumba imekuwa na hewa. Vilima viliendelea kuungua, kwa hiyo kikohozi hakikuisha. Kilipungua, na Veneranda aliogopa kulisema hilo kwa sauti.

Jumapili, alipotoka misa, alimkuta Jeremia amesimama uani peke yake na gari la kuazima.

"Shikamoo, mama. Baba yuko wapi?"

Chumbani hakuwepo. Kwa jirani hakuwepo. Veneranda akakimbia barabarani na kanga mkononi, akiwaza mitaro yote ambayo mtu mwenye kifua anaweza kuangukia. Ndipo akamwona anapanda mwinuko kutoka ziwani, upande wa Kasingirima, samaki wa migebuka wananing'inia kwenye kamba, anagombana na mtu wa bodaboda aliyetaka kumbeba.

"Baba Jeremia! Umekuja na nini?"

"Na miguu. Ulitaka nije na treni?"

Alikuwa anahema kidogo, kama anavyohema mtu yeyote mwenye umri wake. Hakukohoa. Veneranda akamsema palepale njiani: kutoka bila kuaga, kupanda mlima na jua lote lile, samaki gani wasioweza kungoja! Katikati ya maneno akakaa chini kwenye vumbi na kulia kwa furaha, hajali nani anamtazama.

Jeremia akaja mbio. Akamwangalia baba, akamwangalia mama.

"Wewe rudi Kasulu, ukatusalimie wajukuu," Alphonce akamwambia. "Mimi nabaki na huyu. Ila mnyamazishe kwanza, watu watadhani nimekufa."